Acheni Kuzika Magoti Yaliyo Hai

Ukishuka basi Singida mjini, kabla hujapata mtu wa kukubebea mzigo umeshapata mtu wa kukutibu goti. Kipaza sauti kimefungwa kwenye mkokoteni, betri ya pikipiki iko chini yake, na sauti iliyorekodiwa haichoki: magoti yanauma, magoti yanalia, ute umekauka, ute umekwisha, njoo uongeze ute. Kuna unga wa kuchanganya kwenye uji, kuna mafuta ya kuchua, kuna vidonge visivyo na jina. Wanunuzi hawakosekani. Mama mwenye kapu la vitunguu anasimama na kuuliza, "Mwanangu, hata goti la miaka mitatu linawezekana?" Muuzaji hapepesi macho: "Hata la miaka kumi, mama yangu. Ute ukirudi utacheza ngoma."

Ugomvi wangu hauko kwa muuzaji huyo. Yeye anatafuta ugali, na anauza kitu ambacho wateja wake walikwisha kukiamini kabla hajafungua mdomo. Nagombana na imani yenyewe, ambayo imekaa mpaka maofisini, kwenye mabenchi ya timu, kwenye vikao vya ukoo na, nasikitika kusema, hata kwa baadhi ya waliovaa makoti meupe. Imani hiyo inasema goti ni kipuri cha gari. Lina grisi yake na lina kilomita zake. Likitumika linalika, likilika linakauka, likikauka ama ulilaze gereji ama ulifungue. Mawaidha yote ya mtaani yanachipuka hapo. Usikimbie, utamaliza magoti. Umeumia? Lala. Limevimba? Piga picha. Picha ina kasoro? Pasua. Umefikisha miaka 50? Usichuchumae, usipande mlima, tafuta kiti. Nasema imani hiyo ni ya uongo tangu mzizi hadi majani, na hapa Singida imewalemaza watu wengi ambao magoti yao yangepona.

Tuanze na huo ute, maana ndio unaouzika.

Ute wa goti upo kweli. Unatengenezwa na utando mwembamba uliotanda ndani ya kiungo, utando ulio hai, wenye damu yake, na ute huo unaendelea kutengenezwa mpaka mtu anazikwa. Katika goti zima la mtu mzima ujazo wake ni mililita chache tu, kijiko cha chai hakijai. Kinachobadilika kwa mwenye baridi yabisi ya goti, yaani lile goti ambalo gegedu lake limepungua, ni ubora wa ute: unakuwa mwepesi, unateleza vibaya. Ujazo wake haupungui. Likivimba, ujazo huwa mkubwa kupita kiasi, ndiyo maana daktari anaweza kuingiza sindano akavuta majimaji ya kujaza bomba zima la sindano na zaidi. Kwa hiyo mama yule wa vitunguu, ambaye pengine goti lake limejaa maji, anauziwa dawa ya kuongeza maji. Na wanaohubiri kwamba bamia huongeza ute nao nawauliza: kama utelezi wa chakula ungekuwa unasafiri kutoka tumboni mpaka magotini, Singida ingekuwa mkoa usiojua maumivu ya goti kabisa, kwa jinsi mlenda usivyokauka mezani petu.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye imani ya kipuri halijui, nalo ndilo linaloivunja. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute ule ule, na kinaingia kwa kukandamizwa na kuachiwa: unapokanyaga majimaji yanasukumwa nje, unapoinua mguu yanarudi yakiwa na chakula. Bushi ya gari ikikandamizwa inalika. Gegedu lisipokandamizwa linakaa na njaa. Anayelaza goti lake miezi sita ili alihifadhi, analinyima chakula miezi sita.

Watu wataniambia: mbona wakimbiaji wanaishia kuchechemea? Nani kawaambia? Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, hapa hapa mkoani kwetu, alimaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda ule ule. Ikabidi picha ya utepeni iamue, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Simbu ndiye aliyeshinda, na kabla yake Tanzania haikuwahi kupata dhahabu kwenye mashindano hayo. Alikuwa na miaka 33. Mwaka 2016 alishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Rio, 2017 akachukua shaba ya dunia London, na katikati ya hapo na Tokyo alikuwa akikimbia tu, maelfu ya kilomita, kwa magoti yale yale aliyozaliwa nayo.

Mtu mmoja si ushahidi, najua. Basi chukueni hesabu ya wengi. Mwaka 2017 tafiti kadhaa zilizowalinganisha wakimbiaji na wasiokimbia zilijumlishwa pamoja. Miongoni mwa wanaokimbia kwa afya zao, waliokuwa na baridi yabisi ya nyonga au goti walikuwa asilimia 3.5. Miongoni mwa wakaaji, wasiokimbia kabisa, asilimia 10.2. Miongoni mwa wale wa mashindano ya juu, asilimia 13.3. Nayataja makundi yote matatu kwa makusudi, kwa sababu la tatu haliisaidii hoja yangu sana: kukimbia kwa kiwango cha Simbu kunaweza kuwa na gharama zake. Lakini tazama la pili. Mtu wa kitini, aliyejihifadhi, yuko karibu na bingwa kuliko alivyo karibu na jirani yake anayekimbia taratibu kila asubuhi kando ya Ziwa Singidani. Kwa mwenye imani ya kipuri hesabu hiyo haiwezekani kabisa, kwa maana gari lililoegeshwa haliliki.

Nije kwenye kulala. Kule Copenhagen watafiti waliwafunga wanaume mguu mmoja kwa wiki mbili tu, usitumike. Vijana walipoteza kama theluthi moja ya nguvu za mguu ule, wazee kama robo. Halafu wakapewa wiki sita za kuendesha baiskeli ya mazoezi ili warudishe. Nguvu hazikurudi zote. Wiki mbili za kupoteza, wiki sita za kutafuta, na deni bado lipo; na hao hawakuwa wameumia popote! Sasa fikiria kijana wa Manyoni aliyeambiwa alale miezi miwili na goti limevimba.

Pumziko lina nafasi yake, na nafasi hiyo ni ndogo. Siku mbili tatu za mwanzo, goti likiwa limejaa, lipunguzie kazi, liinue juu ya mto, lifunge bandeji ya kunyumbulika, tembea na fimbo au magongo ukikanyaga kadiri unavyoweza. Daktari wa Kimarekani Gabe Mirkin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1978 ndicho kilichoisambazia dunia ushauri wa pumziko na barafu, aliishi hadi kuja kusema hadharani kwamba vyote viwili, vikizidishwa, huchelewesha kupona. Mwenye ushauri ameshauacha, sisi bado tunauhubiri. Tena sisi tumeuongezea vya kwetu: maji ya moto yenye chumvi jioni ile ile ya kuumia.

Na tuone inavyokuwa hasa, maana goti haliumii kwenye makaratasi. Ni mpira wa mchangani, uwanja mgumu wenye changarawe, jua la saa kumi. Winga anakata kuingia ndani, mguu umeganda chini, mwili umegeuka. Mara nyingi hakuna hata aliyemgusa. Yeye mwenyewe anasikia "ta!" ndani ya goti. Anaanguka, anainuka, anajaribu kutembea, goti linamkimbia. Kabla ya saa ya kula chakula cha usiku limejaa kabisa. Kuvimba kwa haraka namna hiyo ni damu, na damu ndani ya goti la kijana aliyejipinda mara nyingi maana yake ni kano ya mbele, ile iliyo katikati ya goti, imechanika. Likivimba taratibu, kesho yake asubuhi, mtuhumiwa wa kwanza ni menisikasi, vile vipande viwili vya gegedu vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Maumivu ya upande wa ndani bila uvimbe mkubwa huwa ni kano ya pembeni, ambayo karibu kila mara hupona bila kisu.

Sasa anakuja mzee wa kuchua. Sina dharau naye. Mkono unaogusa unatuliza, na kwa goti la zamani lililokakamaa mafuta yake hayana madhara. Lakini kulivuta na kulisokota goti lenye damu mbichi, huku vijana wawili wamemshika mgonjwa mabega, ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Maji ya moto siku hiyo yanaongeza damu. Kisha linafuata hogo la plasta, au kitanda, na baada ya wiki nane mguu unatoka humo ukiwa mwembamba. Chukua futi ya fundi cherehani, pima paja sentimita kumi juu ya pia ya goti, kisha pima la pili. Tofauti ya sentimita mbili au tatu si ajabu. Hapo ndipo ulipo ulemavu wa kijana huyu. Kano imechanika, sawa, lakini kinacholifanya goti limkimbie akishuka ngazi ni lile paja ambalo sisi wenyewe tumelikausha.

Wenye pesa watasema suluhisho ni kupanda basi, kilomita kama 700, kwenda Dar es Salaam kushonwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inaijua kazi hiyo, na wapo wanaoihitaji kweli. Lakini ukoo unaouza ng'ombe watatu kwa kuamini kwamba kano iliyochanika bila kisu ni goti lililokufa, umedanganywa. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walitoa matokeo ya vijana 121 wanaopenda michezo, wote kano ya mbele imechanika. Kwa kura, nusu walifanyiwa upasuaji mapema kisha mazoezi. Nusu wakaanzishiwa mazoezi, na upasuaji ukawekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa maumivu, kwa kazi na kwa michezo. Kati ya wale 59 wa mazoezi kwanza, 36 hawakuwa wameshonwa kano. Baada ya miaka mitano karibu nusu ya wale 59 walikuwa bado hawajashonwa kano.

Na aliyepasuliwa je? Naye anarudi kwenye mazoezi yale yale, miezi tisa au zaidi. Hilo ndilo lisilosemwa kwenye kikao cha kuuza ng'ombe. Tunapeleka kijana, anashonewa kano mpya, anarudi Singida na karatasi iliyoandikwa "fiziotherapia", karatasi inakunjwa inawekwa juu ya kabati, na mwaka unaofuata tunasema operesheni haikufanikiwa.

Ngoja niseme wapi mimi na wapenda vipimo tunakubaliana, ili nisije kunukuliwa vibaya. Bodaboda zimeleta aina ya goti ambayo baba zetu hawakuwa nayo: mfupa wa muundi uliopasuka mpaka ndani ya kiungo. Hilo halina mjadala wa mazoezi, ni hospitali leo. Goti lililojifunga, halinyooki wala halikunjiki kama lililozuiwa na kitu, hospitali. Goti la moto, jekundu, lenye homa, na hasa la mtoto, hospitali usiku huo huo, maana usaha ndani ya kiungo unaweza kulimaliza gegedu kwa siku chache. Na kuhusu eksirei, Wakanada walituwekea kanuni rahisi tangu miaka ya 1990, zinazotumika mpaka leo: mpige picha aliyeumia akiwa na miaka 55 au zaidi, au anayeumwa ukimbonyeza juu ya pia ya goti peke yake, au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje, au asiyeweza kukunja goti hadi pembe mraba, au asiyeweza kupiga hatua nne. Asiye na hata moja ya hayo, uwezekano wa kuwa amevunjika ni mdogo mno. Kanuni hizo hazidai umeme wala bei. Mganga wa zahanati ya kijiji chochote cha Mkalama anaweza kuzitumia.

Nje ya hapo, ibada ya picha inatuharibia zaidi ya inavyotusaidia. Mwaka 2008 huko Framingham, Marekani, walipiga MRI magoti ya watu 991 wenye miaka 50 hadi 90, waliookotwa mtaani tu, si wagonjwa. Zaidi ya theluthi walikuwa na menisikasi iliyochanika au kuharibika. Na kati ya hao wenye uharibifu, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote ya goti katika mwezi uliotangulia. Rudia kuisoma hiyo. Ukimpeleka mzee yeyote wa Kiomboi kwenye mashine, mashine itakupa kasoro. Kasoro hiyo inaweza isiwe na uhusiano wowote na kinachomuuma. Finland wakaenda mbali zaidi. Watu 146 wa umri wa kati, menisikasi zimechanika kwa kuchakaa, waliingizwa chumba cha upasuaji. Nusu wakakatwa kipande kilichochanika, nusu wakachunguzwa goti kwa kamera tu, upasuaji wenyewe ukaigizwa. Matokeo yalipotoka mwaka 2013, yalionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya upasuaji hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Kule Houston mwaka 2002 wagonjwa 180 wa baridi yabisi walikuwa wameshaonyesha jambo hilo hilo: kusafishwa goti kwa kamera hakukuzidi upasuaji wa kuigiza.

Sindano nazo zisiachwe. Siku hizi mtu anajivunia kwamba "nachomwa goti kila baada ya miezi mitatu". Marekani walilijaribu hilo hasa: watu 140, kila wiki 12, miaka miwili, nusu wakipewa sindano ya steroidi na nusu maji ya chumvi. Mwaka 2017 majibu yakaja kwamba maumivu yalikuwa sawa, ila wa steroidi walipoteza gegedu zaidi. Sindano moja kwa goti lililochachamaa ili mtu aweze kuanza mazoezi, sawa. Sindano kama mshahara wa kila robo mwaka, hapana.

Mpinzani wangu mwenye akili ananisubiri hapa, na swali lake ni zuri. Kama kubeba mzigo ni dawa ya goti, mbona mama wa Mkalama anayepalilia alizeti tangu alfajiri ndiye anayelia magoti, na si karani wa mjini? Nampa haki yake: kazi za kuchuchumaa na kupiga magoti, pamoja na kubeba vizito miaka na miaka, huongeza hatari ya baridi yabisi ya goti. Hilo limethibitishwa na silikani. Lakini tazama shamba linavyomtoza. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kama Desemba hadi Aprili. Kiangazi chote kazi ya paja inapungua. Mvua ikianguka, ndani ya wiki moja mwili ule ule unadaiwa saa nane za kuinama na kuchuchumaa kwa siku, kila siku, pembe ile ile, bila kupandishwa taratibu na bila siku ya kupumua. Mzigo ni mwingi na paja halijaandaliwa. Dawa ya mama huyu ni paja lenye nguvu kabla ya mvua, kubadilisha mkao shambani, jembe lenye mpini mrefu, na kugawa kazi ya siku moja iwe ya siku mbili inapowezekana. Kumwambia "acha kutumia goti" ni tusi, kwa sababu nani atapalilia?

Kwa mama wa mjini, ambaye shida yake ni kiti na uzito, hesabu ni nyingine. Kila kilo moja anayoipunguza mwilini inaliondolea goti kama kilo nne katika kila hatua. Kilo tano ni kilo ishirini. Hakuna mafuta ya kuchua yanayofika hapo.

"Lakini mimi nimezeeka, mwanangu, hizo nguvu zitatoka wapi?" Shikamoo bibi, zitatoka hapo hapo. Mwaka 1990, Boston, wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wastani wa umri wao miaka 90, walianzishiwa mazoezi mazito ya mapaja. Mmoja hakumaliza. Kwa waliomaliza wiki nane, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha kutumia fimbo.

Yanafanywaje? Hapa ndipo watu hutarajia mashine zinazong'aa. Kaa chini, mguu umenyooka, kunja kanga uiweke chini ya goti, ikandamize kwa nyuma ya goti mpaka msuli wa paja ukaze, hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, na urudie mara kadhaa kutwa. Hiyo ni ya siku za mwanzo, hata goti likiwa limevimba. Hakikisha goti linanyooka lote, kwa sababu goti lililozoea kubaki limepinda kidogo haliamshi paja, na hiyo ndiyo kasoro inayoachwa mara nyingi kuliko zote. Kisha kiti cha plastiki: simama bila kushika popote, kaa polepole, usijitupe. Kikizoeleka, kiti kinabadilishwa kinakuwa kigoda. Kisha tofali, kulipanda na kulishuka, na kushuka ndiko kunakotibu zaidi. Kisha mguu mmoja. Kisha ndoo ya lita kumi mkononi. Kwa mchezaji, mwishoni kabisa, kuruka na kutua, kukimbia na kukata kona. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni kesho yake: ukiamka goti liko kama jana, dozi ilikuwa sawa, ukiamka limevimba, umezidisha, punguza, usiache. Mara mbili tatu kwa wiki kwa zoezi zito. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili ndipo mtu anaanza kuona mabadiliko ya kweli, na hapo ndipo wengi wanakuwa wameshakata tamaa na kurudi kwa muuza unga.

Anayefaa kuongoza safari hiyo ni mtaalamu wa fiziotherapia, mtu ambaye wengi wetu tunamdhania ni mkandaji mwenye cheti. Ndiye anayejua lini kupandisha mzigo na lini kushusha. Mgonjwa akimwona mara moja kila baada ya wiki mbili tatu na kufanya mengine nyumbani kwa uaminifu, inatosha kwa magoti mengi.

Viongozi wa timu nao nina neno lao. Tangu Singida United ipande Ligi Kuu mwaka 2017, mkoa huu umezoea mpira mkubwa, na vijana wetu wanautaka kwa pupa. Pupa hiyo ndiyo inayowarudisha uwanjani mapema. Ronaldo wa Brazil aliumia kano ya pia ya goti Novemba 1999, akarudi Aprili 2000, na dakika chache baada ya kuingia kano ikakatika kabisa. Mara ya pili alisubiri. Mwaka 2002 alifunga mabao manane kwenye Kombe la Dunia na kulibeba. Wanorway wameliwekea namba: kwa aliyeshonwa kano ya mbele, kila mwezi anaoongeza kusubiri, mpaka mwezi wa tisa, unapunguza hatari ya kuumia tena kwa kama nusu. Waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu, chini ya 6. Kipimo cha kuruka si siri: mguu ulioumia uruke angalau asilimia 90 ya umbali unaorukwa na mzima. Futi na chaki vinatosha.

Na kabla ya kuumia, kuna dakika 20 za kupasha mwili moto ambazo FIFA imezisambaza bure, zinazofundisha kutua goti likiwa sawa na vidole badala ya kuanguka ndani. Lagos, Nigeria, waliwajaribia wachezaji 416 wa ligi ya vijana, na mwaka 2014 wakaripoti majeraha pungufu kwa asilimia 41. Lagos, jamani, kwenye viwanja kama vyetu. Mwalimu wa timu ya Ikungi anayewachezesha danadana dakika tano kisha kipenga, hana kisingizio cha umaskini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Mwenyekiti wa timu, kabla hujatangaza mchango wa operesheni, uliza kijana amefanya miezi mitatu ya mazoezi chini ya mtaalamu au la. Wasimamizi wa afya wa mkoa na wilaya, mnapopanga ikama, mwajirini mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuagiza mashine nyingine ya picha, na mpelekeni vituo vya afya siku moja kwa wiki, badala ya kusubiri mwenye goti bovu apande bodaboda kumfuata. Nawe msomaji, goti lako likiwa halijavunjika, halijajifunga na halina homa, leo jioni vuta kiti, usimame na kukaa mara kumi bila kushika popote, na kesho nenda hospitali ukaulize wapi ilipo fiziotherapia, kabla hujauliza bei ya picha.